Kutoka "Itaendelea" hadi kitabu: jinsi ya kugeuza simulizi ya sehemu kuwa riwaya

Kama unaandika simulizi kwenye makundi ya WhatsApp au kurasa za Facebook, tayari unayo mali ambayo waandishi wengi waliotutangulia walianza bila kuwa nayo: wasomaji wanaokusubiri. Wanaamka na kuuliza "leo sehemu ya ngapi?" Wanalalamika kwamba umewaacha na arosto, ile hamu kali ya kujua kinachofuata. Wengine wanatuma fedha kwa simu usiku wa manane ili wapate sehemu tatu za mbele. Lakini simulizi ya sehemu 80 ikikopiwa jinsi ilivyo na kubandikwa kwenye kurasa, bado si riwaya. Nimesoma na kuhariri miswada ya aina hii, wa kwangu ukiwamo, na kasoro yake kubwa ni ile ile kwa kila mtu: imeandikwa kwa ajili ya msomaji wa dakika tano ndani ya daladala, halafu inapelekwa kwa msomaji aliyekaa na kitabu jioni nzima. Huyu wa pili anataka hadithi iliyofumwa upya. Nitaeleza namna ya kuifuma, kisha namna ya kuifikisha sokoni.

Kwanza, kusanya na usafishe

Weka sehemu zote katika faili moja kwa mpangilio wake. Toa kila kitu ambacho si hadithi: "Ilipoishia", "Songa nayo", "Itaendelea", namba ya simu, maombi ya like na komenti, salamu kwa admini, pole kwa kuchelewa kwa sababu umeme ulikatika. Mistari ile ya kukumbusha yaliyopita inakula nafasi kuliko unavyodhani. Sehemu 80 zenye maneno 900 kila moja ni maneno 72,000. Ukishasafisha, usishangae kubaki na 60,000. Hicho bado ni kitabu cha kutosha, kwani ukurasa wa A5 hubeba takribani maneno 280 hadi 320, hivyo unazungumzia kurasa 200 hivi.

Hifadhi faili ya zamani ilivyo na usiiguse, pamoja na ujumbe wa asili wenye tarehe. Siku mtu akiitoa hadithi yako kwa jina lake, na makundi yamejaa watu wa namna hiyo, hizo tarehe ndizo ushahidi wako.

Soma yote bila kurekebisha neno

Iache kazi wiki tatu, kisha isome mwanzo mpaka mwisho ndani ya siku mbili au tatu. Kalamu iwe ya kuandika kwenye daftari tu. Andika jina la kila mhusika, umri wake, kazi, wazazi, anapoishi, na sehemu anapoonekana kwanza. Aliyeandika sehemu moja kila siku kwa miezi minne lazima atakuta mama wa mhusika mkuu ni Mwanaidi sehemu ya 6 na Mwajuma sehemu ya 34, au mjomba aliyezikwa Tanga anapiga simu kutoka Morogoro.

Karibu na daftari hilo chora kalenda. Hapa ndipo simulizi nyingi huumbuka. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Ukimtoa msichana kwenye chumba cha mtihani na kumtembeza kwenye mafuriko ya masika, msomaji wa Dar es Salaam anajua masika ni Machi hadi Mei, na kuanzia hapo anaacha kukuamini. Hesabu mimba kwa miezi. Hesabu mwendo wa basi kutoka Mwanza. Angalia kama Ramadhani imeangukia mahali inapostahili katika mwaka uliouchagua, na kama hujautaja mwaka, hakikisha hujaiweka Ramadhani mara mbili ndani ya miezi sita.

Andika pia jambo moja ambalo ni la simulizi za mtandaoni peke yake: ni wapi ulibadili hadithi kwa sababu wasomaji walikuomba? Mimi nilimwua mhusika mmoja sehemu ya 57, kundi likalia, na sehemu ya 61 nikamrudisha kwa maelezo kwamba maiti ilikuwa ya mtu mwingine. Wasomaji walifurahi. Nilipokuja kusoma mswada mzima, kila kitu baada ya hapo kilikuwa kimepoteza uzito, maana msomaji alishajua kwamba katika dunia yangu kifo si kifo. Kitabu kinakupa nafasi ya kurudi kwenye uamuzi wako wa kwanza. Nilimwacha afe, na sura kumi zilizofuata zikabidi ziandikwe upya, na ndizo sura ninazozipenda zaidi katika kitabu kile.

Vunja sehemu, jenga sura

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ipe muda mrefu kuliko nyingine zote.

Kila sehemu ya simulizi huishia kwenye mshtuko: mlango umegongwa, simu imeita, bastola imetolewa, "hakuamini alichokiona". Ukisoma moja kwa siku, mshtuko huo unakurudisha kesho. Ukisoma ishirini kwa mkupuo, unazoea, na mbaya zaidi unagundua kwamba mingi ilikuwa ya uongo, maana aliyegonga mlango hakuwa mtu wa maana. Msomaji anajiona amechezewa.

Orodhesha mishtuko yako yote. Mbele ya kila mmoja andika kinachobadilika katika maisha ya mhusika kwa sababu yake. Usipopata cha kuandika, mshtuko huo ufute. Inayobaki ndiyo itakayobeba sura. Unganisha sehemu tatu, nne au tano ziwe sura moja ya maneno 3,000 hivi, na uruhusu baadhi ya sura ziishie kimya, mhusika amelala, au anaosha vyombo, akiwa na jambo moja kichwani.

Nitatoa mfano niliouunda kwa ajili ya maelezo haya. Simulizi ingesema:

*Mlango ukagongwa kwa nguvu, ngo! ngo! ngo! Zawadi akashtuka, moyo ukamwenda mbio, jasho likamtoka. Akanyata mpaka mlangoni. Akashika kitasa. Akafungua. Hakuamini alichokiona!!! ITAENDELEA…*

Sehemu inayofuata tunaambiwa alikuwa Mama Rehema, jirani, amekuja kuazima chekeche. Sasa katika kitabu:

*Mama Rehema aligonga mara moja tu. Alikuja kuazima chekeche. Zawadi alipompa hakuondoka. Alisimama kizingitini akilizungusha mkononi, macho yakiwa kwenye viatu vya kiume vilivyopangwa kando ya mlango.*

*"Shemeji amerudi lini?" akauliza.*

*Viatu vile havikuwa vya mume wa Zawadi.*

Mgeni ni yule yule na chekeche ni lile lile. Ila arosto imehama kutoka mlangoni ikaingia kwenye viatu, na viatu haviishi kwa kufungua kitasa. Mama Rehema ameviona. Atamwambia nani? Sura nzima inaweza kutembea juu ya swali hilo bila kelele wala alama tatu za mshangao.

Tazama pia vitenzi. Katika kipande cha kwanza karibu kila kitu kinakwenda kwa *-ka-*: akashtuka, akanyata, akashika, akafungua. Kiswahili kimetupa *-ka-* kwa ajili ya kufuatanisha matukio, na msimuliaji wa mdomo huitumia vizuri kwa sababu sauti yake inapanda na kushuka. Kwenye karatasi, *-ka-* ishirini mfululizo zinakuwa kama mtu anayekimbia bila kuvuta pumzi. Katika kipande cha pili *-li-* inafungua tukio, *-ki-* inashikilia kitendo kinachoendelea (akilizungusha, yakiwa), na *-ka-* inabaki moja pale swali linapotoka, kwa hiyo inasikika. Pitia mswada wako ukitafuta aya zenye *-ka-* zaidi ya tano. Bakisha zile za mapigano, za kukimbizana, za ajali. Kwingine tumia *hu-* kwa mazoea ya mtu ("Jioni hukaa kibarazani"), tumia *-me-* kwa hali tunayoikuta. Mwandishi wa Kiswahili ana ala nyingi za kuuendesha wakati, na simulizi za haraka zimetuzoesha ala moja.

Sikiliza watu wako wanavyosema

Chukua mazungumzo ya wahusika watatu, futa majina yao, mpe mtu asome. Akishindwa kujua nani anasema, wote wanasema kwa sauti yako. Bibi wa Pangani na kijana wa bodaboda wa Mbagala hawawezi kuomba maji kwa maneno yale yale.

Ugonjwa mwingine unatoka kwenye tamthilia za nje zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Mkaza mwana anamkabili mama mkwe wake na kusema, "Wewe mama, kwa nini unanichukia?" Katika nyumba nyingi za kwetu hilo halisemwi. Ataamkia kwanza, shikamoo itaitikiwa kwa marahaba ya mkato, naye ataendelea kuchambua mchele. Baadaye, bila kuinua uso, atasema: "Mama, nimekukosea nini?" Chuki yote imo humo, na msomaji aliyewahi kuishi na wakwe ataisikia. Heshima zetu, nani anaamkia nani, nani haitwi kwa jina lake, nani anatuma mshenga badala ya kusema mwenyewe, ni zana za kujenga ugomvi. Usizitupe ukadhani zinachelewesha hadithi.

Tahajia, na herufi moja inayogeuza hadithi

Kwenye simu wasomaji husamehe. Kwenye kitabu walichonunua hawasamehi. "Hana pesa" na "ana pesa" vinatofautiana kwa *h* tu. "Amelipa mahari" na "amelipa mahali", "kupiga kura" na "kupiga kula", haya nimeyakuta kwenye miswada ya watu wenye vipaji vikubwa. Tafuta kwa kompyuta moja baada ya jingine: *apo, uyu, ata, nae, kwahiyo, xaxa*. Weka Kamusi ya Kiswahili Sanifu karibu, na pale mhusika anaposema lahaja au lugha ya mtaani kwa makusudi, muache aseme hivyo kila mara asije akabadilika katikati.

Kisha tafuta mhariri na umlipe. Ukiwa huna uwezo, mwombe mwalimu wa Kiswahili anayependa riwaya. Wape pia wasomaji watatu ambao hawajawahi kukusifu kwenye kundi, na usiwaulize kama ni nzuri. Waulize: uliruka wapi? Ulichanganya nani na nani? Uliweka chini ukurasa wa ngapi?

Mchapishaji, au ujichapishie?

Wachapishaji wengi wa Afrika Mashariki wanaishi kwa vitabu vya shule. Kwa hiyo mhariri akipokea riwaya ya watu wazima anaipima akijua haitaingia darasani. Hilo lisikukatishe tamaa, ila likusaidie kuchagua. Soma kwanza orodha ya vitabu vya nyumba unayoiendea. Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, kwa mfano, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, imechapa fasihi ya Kiswahili kwa muda mrefu, zikiwamo kazi zilizoshinda Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell (ilipoanza ikiitwa Mabati-Cornell).

Peleka barua ya ukurasa mmoja, muhtasari wa kurasa mbili, na sura tatu za kwanza. Muhtasari useme hadithi inaishaje. Waandishi wa simulizi huficha mwisho kwa mazoea, na mhariri hawezi kuamua juu ya kitabu asichojua kinafika wapi. Taja wasomaji wako wa mtandaoni ni wangapi na wangapi hulipa. Hiyo ni habari ya biashara anayoihitaji.

Tuzo nazo ni mlango. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957–1958, na mwaka 1960 riwaya yake ya kwanza ya mpelelezi Bwana Msa ikawa kitabu. Leo tunayo hiyo ya Safal-Cornell, na pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Soma masharti kwa makini kuhusu kazi iliyokwisha kutolewa hadharani. Mahali pengine simulizi iliyowekwa wazi mtandaoni inaweza kuhesabiwa kuwa imechapishwa. Uliza kwa maandishi kabla ya kutuma.

Ukipewa mkataba, soma kipengele cha mirabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, mara tatu. Asilimia 10 ya nini? Tuseme kitabu kinauzwa sh 15,000 na duka la vitabu limepewa punguzo la asilimia 40. Asilimia 10 ya bei ya rejareja ni sh 1,500. Asilimia 10 ya anachopokea mchapishaji ni sh 900. Kwa nakala 1,000, tofauti ni sh 600,000. Yote mawili ni mapatano halali, lakini ujue unasaini lipi. Haki za filamu, tafsiri na kitabu cha kielektroniki zitajwe kila moja peke yake. Na pawe na kifungu kinachokurudishia haki kitabu kikiisha madukani na kisichapwe tena kwa muda uliokubaliwa.

Ukijichapishia

Hakimiliki unayo tangu siku ulipoandika; chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ya Tanzania Bara, inadumu maisha yako na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi rasmi. Zanzibar ni COSOZA, Kenya ni KECOBO. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na Kenya na shirika la maktaba la taifa, KNLS. Ina tarakimu 13. Kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja kinahitaji namba yake. Usikubali mtu "akuazime" ISBN, kwa sababu kwenye kumbukumbu mchapishaji atakuwa yeye.

Jalada: acha kabisa kuchukua picha ya mwigizaji wa nje kutoka mtandaoni. Kwenye kundi ilipita. Kwenye kitabu kinachouzwa ni mali ya mtu. Mlipe mchoraji, mwandikiane.

Kuhusu uchapaji, zungumza na wachapaji watatu na uombe bei ya nakala 100, 200 na 500. Ukubwa wa A5, karatasi ya ndani ya gramu 70 au 80, jalada la gramu 250 hadi 300, herufi za pointi 11. Kwenye mashine ya ofseti kurasa hukunjwa kwa mafungu, mara nyingi ya 16, kwa hiyo kurasa 208 ni nafuu kuliko 211. Idai nakala moja ya sampuli iliyokamilika, ifungue kwa nguvu katikati, iache kwenye joto siku mbili, uone kama gundi inashika. Mchapaji mmoja alinikabidhi nakala 200 ambazo kurasa zilianza kung'oka wiki ya kwanza, na kwa kuwa sikuwa na sampuli iliyosainiwa, sikuwa na cha kumdai.

Kisha hesabu kabla hujatangaza bei. Tuseme uchapaji ni sh 6,000 kwa nakala, nakala 200: sh 1,200,000. Mhariri 500,000, jalada 150,000. Jumla 1,850,000, yaani kila nakala imekugharimu sh 9,250. Ukiuza 10,000 "ili watu wamudu" na duka likachukua asilimia 30, unapokea 7,000, na kila mteja anakutia hasara ya 2,250. Ukiuza 15,000 dukani unabaki na faida ya 1,250. Ukimuuzia msomaji wako mkononi, 5,750. Ndiyo maana kundi lako lina thamani kuliko rafu ya duka.

Rudi kwa wasomaji wako

Waambie ukweli: hadithi imeandikwa upya, mambo kadhaa yamebadilika, na huyu mliyemlilia safari hii harudi. Acha sehemu kumi za mwanzo zisomwe bure na uziondoe nyingine pale unapoweza. Waliolipia sehemu zamani wape punguzo, ndio waliokulisha. Fungua oda za awali mwezi mmoja kabla ya kuchapa, na fedha hizo ziweke kwenye laini tofauti na ya matumizi ya nyumbani. Usipeleke kazi kiwandani mpaka oda zimefika angalau nusu ya gharama.

Wa mikoani watumie kwa basi. Funga kitabu kwa nailoni kwanza, halafu bahasha ya kaki, maana buti la basi hupitisha maji na vumbi. Andika jina kamili la mpokeaji na namba yake ya simu pande zote mbili. Ukishakata risiti ya mzigo pale Mbezi au stendi yoyote uliko, ipige picha umtumie mpokeaji papo hapo, ikiwa na jina la basi na saa ya kuondoka.